Omu 300 za Keko Mwanga

Hedifoni ya omu 300 ukiichomeka kwenye simu, inaimba. Wauza mitambo ya gharama hawalisemi hilo mapema, na ubishi wote wa amplifaya na kigeuzi unaanzia hapo: inaimba kwa kiasi gani, kinachokosekana ni nini hasa, na kukipata ni shilingi ngapi.

Kigeuzi, kwa asiyekijua, ni kile kinachopokea namba kutoka kwenye kompyuta au simu na kuzigeuza kuwa mkondo wa umeme wenye umbo la sauti. Kila simu inayotoa mlio inacho cha kwake ndani, ni chipu tu. Amplifaya inasimama nyuma yake, kazi yake kuupa mkondo ule nguvu ya kutikisa kiwambo cha hedifoni. Wenye mapenzi na pesa huvinunua vyote viwili pembeni, kila kimoja na boksi lake, na hapo ndipo watu wazima huanza kununiana.

Ugomvi huu nimeupeleka Keko, Temeke, kwa makusudi. Keko ni mtaa wa samani. Mchana mashine za kuranda na misumeno ya umeme hazipumziki, makochi yanavishwa vitambaa barazani, na nyuma ya karakana hizohizo kuna vyumba vya kupanga ambamo vijana wanatengeneza muziki kwa laptopu moja na maiki moja. Anayechagua chombo cha kusikilizia akiwa Keko hawezi kujifanya anaishi ndani ya maabara. Sauti zitakuwa nne: Prodyuza wa Keko Mwanga, Dada yake, mwenye karakana ya samani na mwenye pesa, Fundi wa redio, zao la VETA Chang'ombe, na Mzee, mpenzi wa dansi. Wote wanne nimewatunga, nisije nikaulizwa nyumba namba ngapi.

PRODYUZA: Shikamoo mzee. Fundi, habari za kazi. Dada, nakuomba usianze na hesabu kabla sijasema. Hii hapa ni HD 650 ya Sennheiser, kazi ya Mjerumani, imetoka 2003 na hadi leo watu wanachanganyia muziki humu. Ina omu 300. Kwenye laptopu yangu inasikika, lakini besi haina kifua na sauti za juu zimelala. Nataka kigeuzi cha maana na amplifaya ya maana. Nimeona mtambo mmoja wenye vyote viwili, dola elfu moja na kidogo.

MZEE: Marahaba.

DADA: Elfu moja ni kama shilingi milioni mbili na nusu. Bado usafiri, bado ushuru, bado VAT ya asilimia 18. Na hedifoni yenyewe uliipata kwa ngapi?

PRODYUZA: Ni mtumba, dada. Haifiki nusu ya hapo.

DADA: Kwa hiyo cha kuiendesha kinaizidi bei inayoendeshwa.

FUNDI: Dada, hapo umeuliza bei, na bei haitatuonyesha kitu. Zipo hedifoni za laki tano zinazotaka nguvu kuliko za milioni nne. Tuangalie namba mbili tu: ukinzani, na usikivu, yaani inatoa desibeli ngapi ukiipa volti 1 au miliwati 1. Hii, Sennheiser wenyewe wameandika desibeli 103 kwa volti 1. Tuseme unataka kishindo kikubwa kuliko vyote vya ngoma kifike 110, kitu ambacho sikio halivumilii kwa muda mrefu. Zimebaki desibeli 7. Hizo unazipata kwa volti 2.2 na ushee, ambazo kwenye omu 300 ni kama miliwati 17. Wati moja ina miliwati 1,000, mdogo wangu. Huo mtambo wako utaufungulia kidogo tu pale mwanzoni maisha yako yote.

Sasa chukua HE-6 ya HiFiMAN. Omu 50. Mtu akiona 50 anadhani ni nyepesi. Lakini usikivu wake ni desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Kufika 110 inadai karibu miliwati 450, zaidi ya mara ishirini na tano ya hii yako. Hiyo ndiyo hedifoni ya kutafutia amplifaya kwa tochi. Omu pekee zinadanganya.

PRODYUZA: Basi unaniambia laptopu inatosha. Mbona masikio yangu yanakataa?

FUNDI: Masikio yako hayajakosea, sababu ndiyo tunayobishania. Laptopu nyingi zinaishia karibu na volti 1, nyingine chini ya hapo, kwa hiyo unasikiliza kwa sauti ndogo kuliko unavyodhani. Na sikio la binadamu likipewa sauti ndogo linaipunguza besi lenyewe. Fletcher na Munson walilipima jambo hilo Bell Labs, Marekani, wakachapisha 1933. Ukiongeza sauti, kifua cha besi kinarudi, na wewe unakwenda kumsifu aliyekuuzia boksi.

Kuna sababu ya pili. Kila chanzo cha sauti kina ukinzani wake wa ndani. Kanuni tunayoitumia ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa omu 300 hiyo ni kama 37, karibu kila kifaa kinapita. Ila chukua iafoni za omu 16: hapo chanzo kisizidi omu 2, na vingi vinafeli. Kwa hiyo mwenye iafoni ndogo anaweza kuwa na haja ya kuhangaikia chanzo chake kuliko wewe mwenye mzigo wa kichwani.

MZEE: Na ile ya tatu umeificha.

FUNDI: Ipi, mzee?

MZEE: Umeme wa humu. Kijana, ukisikiliza, chaji ya kompyuta umechomeka au umechomoa?

PRODYUZA: Nimechomeka. Betri imekufa zamani.

MZEE: Basi hizo namba zako zinaimba pamoja na TANESCO.

Mzee hajakosea. Umeme wetu unatembea kwa hezi 50, na mvumo wake hujitokeza kwenye 50 na kwenye 100. Nyumba nyingi za kupanga hazina waya wa ardhini unaoaminika. Kompyuta, spika na kadi ya sauti vikiungana kwa nyaya, kila kimoja na chaji yake, mvumo unapata njia ya kuzunguka. Hapo mtu anaweza kununua kigeuzi cha dola mia tano na mvumo ukabaki palepale, kwa sababu unapita kwenye waya wa USB kama zamani. Dawa ya bei ndogo ni kuchomoa chaji na kusikiliza tofauti. Dawa nyingine ni kigeuzi chenye mlango wa waya wa nuru, maana mwanga hauna ardhi wala nyuzi za shaba. Hilo ni jambo la kuangalia nyuma ya boksi kabla ya kutazama jina lililo mbele.

PRODYUZA: Sawa, amplifaya mmeipunguza. Kigeuzi je? Kigeuzi ndicho kinachotoa undani. Kuna tofauti ya chipu za ESS na za AKM, kuna vile vinavyojengwa kwa ngazi ya vikinza badala ya chipu za kawaida. Watu wanasikia hewa kati ya vyombo.

FUNDI: Watu wanasikia walicholipia. Tuanze chini. CD iliingia sokoni 1982. Inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16. Hiyo inatosha kubeba hadi zaidi ya hezi 20,000, ambazo wewe na mimi hatuzisikii tena, na umbali kati ya sauti kubwa na mnong'ono wake ni desibeli 96 hivi. Leo adapta ya Apple ya dola 9, kile kikia cheupe cha kuchomeka chini ya simu, kina kigeuzi kinachokidhi kipimo hicho, na kinatoa karibu volti 1. Kwenye hii HD 650 ni desibeli 103. Dola 9!

DADA: Hebu rudia.

FUNDI: Tisa. Ila kuna mtego, dada. Iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya inatoa nusu ya volti, na Kariakoo huwezi kujua uliyopewa imetokea soko gani, ukiacha feki. Halafu ukiichomeka kwenye simu nyingi za Android sauti inabanwa. Na sisemi ndiyo mwisho wa safari. Nasema hapo ndipo mshindani wako wa dola elfu moja anatakiwa aanze kujieleza.

PRODYUZA: Kipimo cha mashine si sikio.

FUNDI: Basi tuchukue masikio. Meyer na Moran, wa chama cha wapenda sauti cha Boston, walichapisha 2007. Walichukua rekodi za hali ya juu, za SACD, wakawasikilizisha watu moja kwa moja, kisha wakaipitisha sauti ileile kwenye mlango wa biti 16 wa kiwango cha CD. Msikilizaji hajui kipi ni kipi. Majaribio 554, waliopatia 276. Ukirusha sarafu unapata hivyohivyo.

PRODYUZA: Hujamalizia. Nami nimesoma. Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya tafiti 18 mwaka 2016 akazipima kwa pamoja: waliopatia ni asilimia 52.3, na waliofundishwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Hiyo si sarafu. Na tena jaribio la Boston lilikuwa la biti, halikuwa la kigeuzi na kigeuzi. Unaleta ushahidi wa kesi nyingine.

FUNDI: Hilo la pili nakubali, ni hoja nzuri. La kwanza nalikubali kwa nusu. Tofauti ipo, ni ndogo kiasi kwamba ilibidi mtu ajumlishe majaribio zaidi ya elfu kumi ndipo ionekane. Wewe unataka kuilipia milioni mbili.

Nimuunge mkono Prodyuza kidogo, maana katika mijadala ya aina hii mwenye vipimo hushangiliwa kirahisi. Vigeuzi havifanani vyote. Vipo vibovu: vinavyopiga mluzi kompyuta ikifanya kazi nzito, vinavyokatakata, vinavyotoa kishindo ukiviwasha, ambavyo programu yake inaachwa na mtengenezaji baada ya muda. Mwaka 2020 kiwanda cha AKM kilichoko Nobeoka, Japani, kiliungua, na kampuni nyingi zikalazimika kubadili chipu ndani ya vifaa vilevile vyenye jina lilelile. Vifaa hivyo vikaendelea kuuzwa, ingawa kabla ya hapo chipu hizo zilikuwa zinatajwa kwa heshima ya mganga. Kigeuzi kizuri ni kile kisichokusumbua. Hilo linalipiwa, tena kihalali. Kinachokera ni kulipia ushairi.

DADA: Ngoja niwaulize nyie wataalamu. Hizo desibeli 96, au 120 za hayo mengine ya bei, unazisikilizia wapi?

PRODYUZA: Chumbani.

DADA: Chumbani, ukutani kwangu. Mimi nina mashine ya kuranda na msumeno wa meza. Vinavuka desibeli 90 bila jasho, mafundi wangu tunaongea kwa mikono. Hiyo hedifoni yako ina matundu nyuma. Nikipita dirishani nasikia wimbo unaochanganya, hata maneno nayapata. Kama wimbo unatoka, kelele yangu haiingii?

PRODYUZA: Inaingia. Ndiyo maana nafanya kazi usiku.

DADA: Usiku una feni. Una bodaboda. Una jirani mwenye sabufa.

FUNDI: Dada ameshika penyewe. Chumba chenye feni hakishuki kirahisi chini ya desibeli 30, nami nasema 30 kwa kukupendelea. Kishindo cha juu tumesema 110. Kati ya hapo na pale ni 80 tu. CD ya 1982 inakupa 96. Huo mnong'ono wa ziada unaouzwa na kigeuzi cha 120 unazama chini ya pangaboi kabla haujafika sikioni.

PRODYUZA: Sikio linaweza kusikia sauti iliyo chini ya kelele. Filimbi ndogo unaisikia hata upepo ukivuma.

FUNDI: Kiasi, kweli. Lakini huyo msumeno wa meza si upepo.

DADA: Na mchana akitaka kuushinda msumeno anaongeza sauti. Hilo ndilo linaloniogopesha na hiyo amplifaya ya mawati.

Hapa Dada amegusa jambo ambalo mashabiki wa vifaa hulipita kwa haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Anayesukuma hadi 95 ili aufunike msumeno amebakiwa na saa moja na robo kwa wiki nzima. Prodyuza anamaliza hiyo kabla ya chai ya saa nne siku ya Jumatatu. Amplifaya yenye nguvu kupita mahitaji haimdhuru mtu kwa kuwapo kwake. Inamdhuru kwa kumpa nafasi, kwa sababu sauti safi isiyokwaruza haikuonyi kwamba umevuka mpaka. Kwa kazi ya mchana Keko, jibu la kwanza ni hedifoni iliyofungwa. DT 770 Pro ya Beyerdynamic, kwa mfano, inapunguza kelele ya nje kwa kama desibeli 18, na ile ya omu 80 inafika 110 kwa volti 1.4 tu. Hakuna kigeuzi duniani kinachoweza kukupa desibeli 18 za utulivu.

PRODYUZA: Sasa nisikilizeni kwa utulivu, maana mmenizunguka. Mimi si msikilizaji wa jioni. Ni kazi. HD 650 ina kasoro moja inayojulikana: besi ya chini kabisa, chini ya hezi 50, inashuka. Singeli, Bongo Fleva ya sasa, amapiano, uhai wake uko hukohuko. Kwa hiyo naipandisha kwa programu, desibeli 6. Ili sauti isigonge dari ndani ya kompyuta lazima nipunguze kila kitu kwa desibeli 6 kwanza. Fundi, piga hesabu yako upya.

FUNDI: Desibeli 6 ni volti mara mbili. Volti 4.5. Miliwati kama 67.

PRODYUZA: Adapta ya dola 9 inazo?

FUNDI: Haina.

PRODYUZA: Laptopu?

FUNDI: Haina. Hapo umeshinda, amplifaya unaihitaji. Hata wati moja bado huihitaji.

MZEE: Naomba nami niseme. Hamjaniuliza nasikiliza nini. Mimi nasikiliza NUTA Jazz, iliyoanza 1964. Nasikiliza Mlimani Park, Sikinde, iliyoanza 1978. Nyimbo hizo zilirekodiwa RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, barabara hiihii ya Nyerere enzi ikiitwa Pugu Road, bendi nzima ndani ya chumba, kwenye utepe, chaneli moja. Kijana wangu ameniwekea kwenye simu. Za Diamond zinavuma hata kwa iafoni ya bure, za kwangu zinanong'ona. Nafungua sauti mpaka mwisho, bado ziko mbali.

FUNDI: Mzee, umetupa hoja kubwa kuliko zote. Muziki wa siku hizi unabanwa ukapandishwa hadi juu kabisa ya namba. Utepe wa RTD uliohamishwa kwa uangalifu, au mara nyingi kwa kubahatisha, unakaa chini sana. Tofauti ya desibeli 10 si ajabu. Kwa hiyo mwenye haki ya kudai amplifaya hapa ni wewe kabla ya prodyuza.

PRODYUZA: Hiyo sikuitegemea.

MZEE: Na lingine. Kuna kiamplifaya kimoja nilipewa nijaribu. Usiku nikipunguza sauti ili nisimwamshe mama, Bitchuka, mwimbaji wa Sikinde, anahama. Anaimba akiwa sikio la kushoto. Nikiongeza anarudi katikati. Nikaambiwa ni uzee.

FUNDI: Si uzee hata kidogo. Kile kitufe cha kuzungushia sauti ndani yake kina njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na kwenye vifaa vya bei ndogo njia hizo hazilingani pale mwanzo wa mzunguko. Kwenye muziki wa chaneli mbili huwezi kugundua haraka, vyombo vimetawanyika. Rekodi ya chaneli moja inakaa katikati ya kichwa, ikiyumba kidogo tu unaiona. Anayetaka kupima amplifaya aje na wimbo wa zamani wa RTD, apunguze sauti hadi chini. Huo mtihani hauna gharama.

MZEE: Na zile za taa, za vali? Redio yetu ya nyumbani ilikuwa ya taa, sauti yake nene. Nimesikia wanazitengeneza tena kwa ajili ya hedifoni, na hizo omu 300 zinazipenda. Usiniambie na hilo ni ushairi.

FUNDI: Siwezi kukuambia hivyo, kwa sababu unalolisikia lipo. Hii HD 650 imeandikwa omu 300, lakini ukiipima karibu na hezi 80 hadi 100 ukinzani wake unapanda hadi kama 500. Amplifaya nyingi za taa zina ukinzani mkubwa wa ndani, tuseme 100. Hapo besi inapokea volti nyingi kuliko sauti za kati. Nimefanya hesabu, inatoka karibu desibeli 1 ya ziada. Ndiyo huo unene. Haujatokana na uchawi wa taa, na kwenye hedifoni ambayo ukinzani wake haupandi usingeusikia.

MZEE: Nikiupenda je?

FUNDI: Ukiupenda ni wako, mzee wangu. Mimi ningekupatia desibeli hiyo moja kwa programu, bure.

MZEE: Bure haipati moto ukaitazama.

DADA: Turudi kwenye pesa, giza linaingia. Fundi, taja basi kitu cha kununua.

FUNDI: Kuna Magni ya Schiit, ya Marekani, iliingia sokoni 2012 kwa dola 99 na matoleo yaliyofuata yamekaa jirani na hapo. Inatosha kwa yote tuliyosema. Lakini mimi nina wazo la kwetu. Mwaka 2011 injinia mmoja aliyejiita NwAvGuy, jina lake halisi hakulitoa, alichapisha mchoro mzima wa amplifaya ya hedifoni aliyoiita Objective2. Vipimo vyote hadharani, orodha ya vipuri, ruhusa ya mtu yeyote kuijenga mradi asiuchezee mchoro. Mwaka uliofuata akanyamaza, hakusikika tena. Inatumia betri mbili za volti 9 za kuchaji, na ikiwa kwenye umeme inatoa hadi volti 7. TANESCO wakikata unaendelea kusikiliza. Na ikiwa kwenye betri, mvumo wa chaji unakosa pa kupitia.

DADA: Boksi lake nakuchongea mimi. Mninga, nalipiga msasa mpaka ling'ae.

FUNDI: Mbao haizuii mawimbi, dada. Simu ikiita karibu, hedifoni itakoroma. Lichonge, ila ndani tulivishe bati na tuliunge na ardhi ya saketi.

PRODYUZA: Na vipuri? Chipu za Kariakoo unaziamini?

FUNDI: Za kukuzia sauti, hapana. Nimeshaona chipu iliyofutwa jina ikaandikwa lingine. Hizo tunaagiza kwa wauzaji wanaoeleweka, tunasubiri. Vikinza, kapasita na pini tunapata hapahapa.

PRODYUZA: Kwa hiyo kigeuzi mmenifuta kabisa.

FUNDI: Una kadi ya sauti ya kurekodia maiki?

PRODYUZA: Ninayo.

FUNDI: Basi kigeuzi unacho. Kimo humo. Toa waya kutoka mlango wake wa nyuma wa spika, leta kwenye amplifaya. Umemaliza.

PRODYUZA: Mimi bado nasema ule mtambo nitautambua. Nimeusikia kwa jamaa Masaki. Mwanzo wa wimbo tu nilijua.

FUNDI: Uliusikia ukiwa unautazama, na hakuna aliyesawazisha sauti. Kinachozidi kwa desibeli nusu sikio linakiita kizuri. Uazime kwa jamaa yako siku moja. Mimi naleta mita, napima volti za vyote viwili kwenye pini ya hedifoni, tofauti isizidi asilimia 1. Mlio wa kupimia tutatumia wa hezi 100 au chini, maana mita zetu hizi za bei ndogo zinasoma kwa uaminifu jirani na umeme wa nyumbani, ukipanda juu zinabuni. Kisha nafunika vifaa kwa kanga, nabadilisha nyuma ya mgongo wako, mara 16. Wewe unasema ni kipi.

DADA: Anatakiwa apatie ngapi?

FUNDI: Kumi na mbili. Anayebahatisha hufika hapo chini ya mara nne katika mia.

DADA: Iwe Jumapili, nazima mashine zote. Akipatia 12 namnunulia mtambo wake wa dola elfu, na neno sitasema.

PRODYUZA: Na nikipatia 11?

DADA: Kumi na moja nakununulia mapazia mazito, na hiyo amplifaya ya mninga anaanza nayo mzee.